ORODHA YA WANAONGOJA

Masomo: Luka 14:15–24, Matendo ya Mitume 1:15–26



 Mengi yamekwisha kuhubiriwa juu ya kungoja katika siku hizi za Majilio, nasi hatupendi kuyarudia. Twataka kusema juu ya kungoja kwa namna moja tu, yaani kungoja nafasi ambayo imekwisha kushikwa na mtu mwingine.

Ziko meli katika nchi za Marekani na Ulaya ambazo hazichukui watu kutoka mahali hata mahali kwa haja ya safari. Huwazungusha baharini juma zima au zaidi, wakila na kulala humo humo, kisha huwarudisha mara nyingi bandari ile ile waliyotoka. Baadhi ya meli za namna hiyo hutia nanga Zanzibar na Mombasa, na waliopata kuziona watakubali kwamba ni kama mtaa wa mji ulioamua kuelea. (Watu wa Kigoma watapenda kujua kwamba kiwanda cha Meyer kule Papenburg, Ujerumani, kilichoijenga mwaka 1913 meli ya Graf von Goetzen, ambayo ndiyo Liemba, hata leo hujenga meli hizo kubwa za matembezi.) Meli moja iitwayo Icon of the Seas ilianza safari zake kutoka Miami mwezi wa Januari 2024. Ikihesabiwa watu wawili kwa kila chumba, huchukua abiria 5,610. Vitanda vyote vikilaliwa, hufikia kama 7,600. Hata hivyo zipo safari ambazo hujaa kabisa, na mtu akitaka kwenda huambiwa kwamba hakuna nafasi, ila akipenda aandikwe katika orodha ya wanaongoja.

Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani pale chuoni, ambaye ameishi Marekani miaka mingi, alitueleza kwa barua jinsi mambo hayo yanavyokwenda, maana yeye na mumewe waliwahi kuandikwa katika orodha ya namna hiyo. Wenye tiketi hutakiwa kumaliza malipo yao miezi miwili au mitatu kabla ya safari, na hapo wengine hujitoa. Baadaye tena hujitoa wachache, huyu amefiwa, yule amevunjika mguu. Nafasi hizo ndizo wanazopewa walio katika orodha. Lakini anayengoja hachagui chumba, wala hajui hakika mpaka siku chache kabla ya meli kung'oa nanga. Asipopata, hurudishiwa fedha yake na habari huishia hapo.

Mama huyo alisema kwamba masanduku yao yalisimama karibu na mlango siku tisa. Hakuweza kununua nyama ya juma lile, kwa kuwa hakujua kama watakuwapo kuila. Hakuweza kumwahidi jirani kwamba atamwangalilia watoto, wala kukataa. Kila simu ilipolia waliitazama wote wawili. Tena akaandika jambo ambalo tunamheshimu kwa kuliandika, kwamba siku ya sita alijikuta akijiuliza kama mafua yaliyokuwa yakienea mjini mwao hayatamkamata hata abiria mmoja wa meli ile. Hakuwa amemtakia mtu kifo. Mafua tu. Safari hiyo hawakuipata.

Najua baadhi yenu mtasema, haya ni mambo ya watu wenye fedha ya kuchezea, yatuhusu nini sisi ambao meli tunayoijua ni ile ya kwenda kuuza ndizi? Ni kweli, safari ya matembezi si haja ya lazima, na mtu aliyeikosa hakuonewa. Lakini moyo wa mtu ni ule ule, awe katika bandari ya Miami au pale Mwanza Kaskazini na kikapu chake kichwani. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tumewaona wengi waliongoja hivyo. Kila mwaka orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa ubaoni, na chini yake mara nyingine orodha fupi ya akiba. Siku ya kuripoti ilipopita, vijana wa akiba walianza kuja langoni asubuhi. Walikuwa na adabu nzuri, walituamkia, na swali lao lilikuwa moja kila siku: Mwalimu, kuna ambaye hajaripoti? Maana yake, kuna kijana mwenzangu aliyekosa karo, au aliyefiwa na baba, ili mimi niingie? Hawakusema hivyo wala hawakuona kwamba ndilo wanalosema. Orodha ndiyo iliyowafundisha kuuliza hivyo.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu zetu, nayo ni kubwa kuliko hatari ya kukosa. Mtu anayengoja nafasi iliyoshikwa na mwenzake huanza kumtazama mwenzake kama mlango uliofungwa. Katika Injili ya Yohana sura ya 5 twasoma juu ya mgonjwa aliyelala kando ya birika la Bethzatha, penye matao matano, naye alikuwa na ugonjwa wake miaka thelathini na minane. Bwana Yesu alimwuliza kama anataka kuwa mzima. Tazameni alivyojibu. Hakusema ndiyo. Alianza kueleza habari za foleni: hana mtu wa kumtia majini, na kila anapokwenda, mwingine humtangulia. Amekaa katika orodha muda mrefu hata akiulizwa juu ya afya yake hujibu juu ya waliompita. Twamhurumia, wala hatumcheki, maana kuna nyumba katika parishi hii ambamo ukimwuliza mtu habari zake atakueleza habari za jirani aliyejenga.

Naye Bwana alifanya nini? Hakumsogeza mbele, wala hakuwaamuru wengine wampishe, wala hakumshika mkono akamtangulize majini kabla yao. Alimwambia aondoke, ajitwike godoro lake, aende. Maji yalibaki pale pale na wale wengine wote wakabaki na zamu zao, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa ili huyu apone. Twawaomba mlitafakari jambo hilo polepole, kwa sababu sala zetu nyingi ni sala za kusogezwa mbele.

Sasa turudi kwenye meli, maana iko sababu inayofanya meli ijae, na watu wengi hawaijui. Hudhani kwamba meli imejaa vitanda vinapokwisha. Si hivyo sikuzote. Katika meli hizi za matembezi huweza kuwapo kitanda kitupu ndani ya chumba, na karani akakataa kukiuza, kwa sababu abiria wanaopangiwa mashua fulani ya kuokolea wametimia. Kila mtu ndani ya meli ana mashua yake aliyoandikiwa, na idadi ya watu haitakiwi kupita nafasi za vyombo vya kuwaokoa. Sheria hiyo ilinunuliwa kwa bei kubwa. Meli ya Titanic ilipozama mwezi wa Aprili 1912 ilikuwa na watu kama 2,200, na mashua zake 20 zilikuwa na nafasi 1,178 tu. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Mwaka 1914 mataifa yalikutana London wakaandika mapatano ya kwanza ya usalama wa watu baharini.

Basi karani anayesema kwamba pamejaa, akikataa hata kwa mtu aliyemletea chai ndani ya bahasha, huenda ndiye mtu mwenye upendo kuliko wote bandarini siku ile. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa hatuna haja ya kufundishwa jambo hili kwa habari za Titanic. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo. Ilikuwa ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, lile la nauli nafuu, halikuwa na orodha ya majina. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, na hesabu yao kamili haikujulikana kamwe, kwa kuwa huwezi kuhesabu watu ambao hukuwaandika. Wako kati yetu wanaosoma ukurasa huu ambao wana ndugu katika hesabu hiyo.

Na kwa kuwa tumeitaja ajali ile, hatuna budi kusema neno moja lililotukaa moyoni kwa miaka mingi. Baada ya kila ajali husikika ushuhuda wa mtu aliyekosa nafasi. Alichelewa, au alikosa nauli, au karani alimkataa, na chombo kikaenda kikazama. Husimama kanisani na kusema kwamba Mungu alimpenda, ndiyo maana akamzuia. Tunaelewa shukrani yake, na ni haki yake kushukuru, na sisi tukiokoka tutashukuru vivyo hivyo. Lakini katika kiti cha pili ameketi mama ambaye mwanawe alipata nafasi. Yeye asikie nini? Kwamba Mungu hakumpenda mwanawe? Mwaka ule wa Titanic kulikuwa na mgomo wa wachimba makaa ya mawe Uingereza, na meli nyingine hazikuweza kusafiri, hata baadhi ya abiria wao wakahamishiwa Titanic. Walikuwa wamekosa safari yao, kisha wakapata nafasi, na bila shaka wako walioiita baraka.

Kwa hiyo twasema wazi: kupata nafasi si cheti cha kupendwa na Mungu, na kukosa si cheti cha kuchukiwa, wala kinyume chake. Bwana Yesu mwenyewe aliwataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa kuwafanya wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Yamo katika Luka 13. Mwenye ushuhuda na ashukuru, lakini achague maneno yake akijua nani ameketi nyuma yake.

Tufungue sasa somo la Luka sura ya 14. Mtu mmoja alifanya karamu kubwa, akaalika wengi. Saa ilipofika, walioalikwa wakaanza kutoa udhuru. Mmoja amenunua shamba, mwingine ng'ombe jozi tano, wa tatu ameoa. Watu wa zamani kidogo mtatambua kwamba hizi si udhuru za ovyo. Shamba, ng'ombe na mke, je, si ndiyo maisha yenyewe? Hakuna aliyesema kwamba anakwenda kulewa. Walikuwa na nafasi mkononi, wameandikwa, wamehakikishiwa, na wakaiona nyepesi kwa sababu ilikuwa yao. Hata katika zile meli husemwa kwamba anayejitoa siku za mwisho mara nyingi si maskini, ni mtu aliyepata shughuli nyingine.

Bwana wa karamu akamtuma mtumwa wake njiani na vichochoroni mwa mji, awalete maskini, vilema, vipofu na viwete. Hao ndio orodha ya akiba. Tena wala hawakuwa wameandikwa, hakuna aliyewahi kufikiri kuandika majina yao. Ni daraja la tatu. Mtumwa akarudi na habari ambayo hakuna karani wa meli awezaye kuileta: watu wote wale wamekwisha kuingia, na nafasi ingaliko. Akatumwa mara ya pili, nje ya mji, barabarani na mipakani, ili nyumba ijae.

Wafafanuzi wengi wameona katika wale wa nje ya mji sisi watu wa mataifa, nasi twakubaliana nao. Hatukuwa katika mwaliko wa kwanza. Babu zetu hawakuwako Sinai. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, katika sura ya 11, kwamba sisi ni tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa, na mara hiyo hiyo akawaonya wasijisifu juu ya matawi yaliyokatwa. Mkristo anayemdharau mtu mwingine aliye nje ya kanisa amesahau aliingia kwa mlango gani. Sisi sote tuliomo humu, tangu Askofu hata mtoto anayepiga kengele, ni abiria wa kungojea.

Ila upo tofauti, na tusipouona tutaelewa vibaya. Katika meli, mmoja hupata kwa kuwa mwingine amekosa. Katika karamu ya Bwana, wale maskini hawakuketi kwa sababu viti vilikuwa vichache vikaachwa wazi na wenye mashamba. Mahali palikuwa papana kuliko wote walioitwa mara mbili. Kama yule mwenye ng'ombe angebadili nia akaja akikimbia, asingemkuta kipofu katika kiti chake akaambiwa asimame. Kilichomzuia hakikuwa kipofu. Tukilielewa hilo, hatutakuwa na haja ya kuulizana langoni ni nani ambaye hajaripoti.

Tumekwisha kusema juu ya wale wanaoingia mwishoni. Lakini yuko mtu mmoja katika Maandiko ambaye hakuingia, naye ndiye tuliyetaka kuwaletea hasa, na kama nafasi ya gazeti hili ingekuwa kubwa tungeandika juu yake peke yake.

Baada ya Yuda kuanguka, mahali pa mtume mmoja palikuwa wazi. Watu kama mia na ishirini walikuwa wamekusanyika. Petro akaeleza sifa za anayetakiwa: awe mtu aliyefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana hata siku ile Bwana alipochukuliwa juu, ili awe shahidi wa kufufuka kwake. Wakasimamisha watu wawili. Mmoja ni Yusufu, aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto. Wa pili ni Mathiya. Wakaomba, wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya.

Tufikiri juu ya Barsaba. (Asichanganywe na Yuda aitwaye Barsaba wa sura ya 15.) Alikuwa na sifa zote. Alikuwako kando ya Yordani mwanzoni, na alikuwako mwishoni. Kwa miaka yote ya huduma ya Bwana alitembea nyuma ya wale kumi na wawili, akilala walipolala, akisikia waliyosikia, bila kuitwa kwa jina katika kurasa za Injili. Siku nafasi ilipopatikana hakuitafuta. Wengine walimsimamisha mbele ya watu. Mbele ya watu mia na ishirini akasimama, na mbele yao hao akakosa. Sisi walimu twajua uso wa mtu anayesomewa matokeo hadharani. Na jambo la kushindwa kwake halikuwa dhambi, wala uvivu, wala fitina ya mtu. Ilikuwa kura, baada ya sala. Hakuwa na hata mtu wa kumlaumu, nalo ni jambo gumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu lawama humpa mtu kazi ya kufanya.

Luka hatuambii neno moja alilolisema Barsaba. Wala hatuambii kwamba Mathiya alifanya makubwa. Jina lake nalo halitajwi tena katika Agano Jipya. Lakini geuzeni ukurasa. Sura ya pili yaanza na siku ya Pentekoste, nao walikuwa wamekusanyika wote mahali pamoja. Hatuna sababu ya kudhani kwamba Barsaba alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake na kurudi kwao. Na ndimi zile kama za moto zilipowatokea, zilimkalia kila mmoja wao. Viti vya mitume vilikuwa kumi na viwili, na kimoja tu kilikuwa kitupu, na Barsaba hakukipata. Moto haukuhesabiwa hivyo. Yule aliyekosa kiti na yule aliyekipata walipokea Roho yule yule, chumba kimoja, asubuhi moja, na kama Barsaba angeondoka kwa uchungu siku ile ya kura, angekosa jambo kubwa kuliko lile alilokuwa amelikosa.

Eusebio, Askofu wa Kaisaria, aliyeandika historia ya Kanisa katika karne ya nne, ametuhifadhia habari moja aliyoipokea kutoka maandishi ya Papia, Askofu wa Hierapoli: kwamba Yusto aitwaye Barsaba aliwahi kunywa sumu ya kuua, na kwa neema ya Bwana isimdhuru. Si Maandiko, na kila mtu aipime apendavyo. Kwetu sisi yatosha kwamba, miaka mingi baada ya kura ile, bado palikuwa na watu waliomkumbuka mtu huyu na kusimulia habari zake kama mtu wa Bwana.

Ndugu wapenzi, tunaandika haya kwa sababu tunawafahamu wanaongoja katika parishi yetu. Wako vijana waliohitimu ualimu, wengine tuliwafundisha wenyewe, wanaongoja ajira mwaka hata mwaka, na kila orodha inapotoka huenda kutazama majina ya wenzao. Wako wagonjwa wanaongojea kitanda katika hospitali kubwa. Yuko mama anayengoja mtoto, na kila ubatizo huja mapema kupamba maua ya kisima cha ubatizo kwa ajili ya watoto wa wengine, naye haombi kupongezwa. Wapo walioposwa na wasiochumbiwa. Wapo wanaongoja urithi ugawanywe, nao hao twawasihi kwa namna ya pekee, maana orodha ya urithi ndiyo inayofundisha upesi kuliko zote kumtazama mzee kama kiti kitakachoachwa wazi.

Nasi tulio na nafasi zetu, tulioajiriwa tukastaafu kwa heshima, tulio na wajukuu, yatupasa kuacha mazoea mawili. La kwanza ni kumwambia anayengoja kwamba wakati wa Mungu ni mwema, kisha kuaga. Maneno hayo ni kweli, lakini yakisemwa na mtu aliyeshiba kwa mtu mwenye njaa, huumiza. La pili ni kufanya kana kwamba hatujui. Mtu akikosa, watu humkwepa njiani wiki mbili kwa kuogopa kukosa la kusema. Hakuna haja ya la kusema. Mwende mkakae naye, mkamenye naye viazi.

Mchungaji amekubali kwamba katika sala za Jumapili ya nne ya Majilio tuwaombee wanaongoja kwa majina yao. Daftari litawekwa juu ya meza karibu na mlango wa kanisa, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa kuwa ile ya awali ilitoweka. Andikeni jina la kwanza tu, lenu au la mwingine aliyewaruhusu. Si lazima kuandika kinachongojewa. Asiyeweza kuandika amwambie mtoto yeyote wa Shule ya Jumapili amwandikie. Wanaoishi ng'ambo ya mto, ambao njia hukatika wakati wa mvua, wapeleke majina kwa katekista wao, naye atayaleta kabla ya Alhamisi.